Taa ya Mdeni

Baba alirudi Walukuba jioni ya malipo
bila mshahara.
Kwapani, kimefungwa gazeti, kitu cha bati
kama masufuria matatu yaliyopandana
yakasahau njia ya jikoni.

Bwana Torvaldi ni Mdeni, alieleza,
ndivyo wanavyoitwa watu wa kwao,
na Mama akamkatiza: Naona. Mdeni wa miezi mingapi?

Miwili na nusu.
Kiwanda kimefungwa, bwana kesharuka toka Entebbe,
ameniachia taa iliyoning'inia juu ya meza yake.

Mama aliigonga kwa kucha. Ikalia ng'iii.
Egesa, alisema, hii inapikwa kwa maji kiasi gani?

Tuliitundika hata hivyo.
Baba alifunga waya kwenye boriti
akaishusha karibu na sahani,
maana ndivyo alivyoiona kwa Mdeni:
chini kabisa, kama mtu anayeinama kusoma barua.
Kila mgeni aliinuka akagonga paji.
Okumu aligonga mara tatu usiku mmoja
akaapa kwamba taa hii ina chuki na watu wa reli.

Lakini balbu huioni.
Ukiketi, ukisimama,
ukilala chali sakafuni kama sisi watoto
ukaitafuta kwa jicho moja, huioni.
Taa za majirani zilikuwa uchi,
zinakutoboa macho kutoka kwenye waya.
Yetu ilivaa. Mwanga ulishuka bati hadi bati
kama anayevua viatu mlangoni,
ukafika mezani bila kelele.

Duara lake lilitosha sahani sita.
Sisi tulikuwa tisa.
Nilijifunza hesabu hapo, na kusukumana,
na kwamba aliyeketi gizani kidogo
husema kweli upesi zaidi.

Bwawa lilikuwa karibu, usiku mkimya ulisikia maji yakifanya kazi,
na bado umeme ulikatika.
Basi Mama aliweka koroboi chini ya taa ya Mdeni,
mdogo akimtumikia mkubwa.
Ule weusi ndani ya bati la chini
ni masizi ya siku hizo. Hautoki. Nimejaribu.

Sabini na tisa, askari waliokuwa wakikimbia
walipita mlango kwa mlango.
Walichukua redio. Walichukua cherehani, godoro,
viatu vya Baba, navyo vikiwa miguuni.
Asubuhi ile Mama alikuwa ameishusha taa,
ameigeuza juu chini, ameziba tundu kwa kitambaa,
amejaza njugu,
ameisukuma jikoni katikati ya sufuria zenzake.
Mmoja wao aliinama, akachota mkono mzima,
akatafuna akiitazama,
akachota tena, akaondoka.

Mama alikaa kimya mpaka jioni.
Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa mchezo:
Haya. Leo imeiva.

Hawapo wote wawili sasa.
Meza ni ileile, tumebaki watatu, duara linatosha na kuzidi,
mwanga unaanguka kwenye mbao tupu
mahali pa viwiko vya watu.

Mwezi jana alikuja kijana kutoka Kampala, Byansi,
ana picha kwenye simu, ana tochi ndogo.
Aliizunguka taa kama daktari wa ng'ombe.
Nembo iko wapi, mama? Lazima kuwe na nembo.
Nikamwambia: ilisuguliwa kwa jivu,
kila Krismasi, miaka arobaini.
Akashusha bei. Akatazama masizi, akaishusha tena.
Akataja fedha ambazo bado ni nyingi,
nami kichwani nikaanza kuigawa ile miezi miwili na nusu
na riba yake,
na viatu, na njugu.

Keti kwanza, nilimwambia, chai inakuja.
Akaketi. Simu ikaita.
Akainuka kwa haraka

ng'iii.